Pipa Likinyamaza Usidhani Limemaliza

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wengi wetu tuliutumia msemo huo kupambia insha za shule, mwalimu akatupigia tiki, tukasahau. Kwetu sisi mshindo wenyewe tuliusikia kwa masikio, na ndugu yangu mdogo amebaki na alama yake mkononi hadi leo.

Msomaji mpendwa, leo nataka kukueleza jambo ambalo kwa miaka mingi sikuwahi kumweleza mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Mama yangu alikuwa mama pima. Alipika chang'aa huku kwetu Bofu, Likoni, ng'ambo ya feri, na kwa pesa hizo alitulisha, akatuvisha na kutusomesha. Siandiki haya ili kujigamba, wala sina nia ya kumwaibisha mzazi wangu. Nayaandika kwa sababu kuna funzo moja nililolipata kando ya pipa lake. Nililipata kwa gharama kubwa, na naamini linaweza kumfaa hata mtu ambaye hatawahi kuliona pipa la pombe maishani mwake.

CHINI YA MKOROSHO

Baba alikuwa kibarua katika bandari ya Kilindini. Alifariki mwaka wa 1984, mimi nikiwa na umri wa miaka 10 na ndugu yangu akiwa mtoto wa kunyonya. Jamaa zetu wa Bara, upande wa Magharibi, walimtaka mama arudi nyumbani. Mama alikataa katakata. Alisema watoto wake walizaliwa Likoni na watasomea Likoni. Alianza kwa kuuza sukuma wiki, akafulia watu nguo, lakini kodi ya chumba na karo havikungoja. Mwishowe alifundishwa kazi ya pipa na mwanamke mmoja aliyekuwa akihama kurudi kwao.

Pipa letu lilikaa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, limefichwa kwa makuti. Majirani zetu wengi walikuwa Wadigo, Waislamu, ambao dini yao inakataza kileo. Hawakuipenda kazi ile hata kidogo, lakini walimhurumia mjane na watoto wake, kwa hivyo walitazama kando. Hofu yetu kubwa ilikuwa sheria. Tangu mwaka wa 1980 chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kabisa nchini Kenya kwa sheria ya Bunge. Kila kijiti kilipovunjika nje usiku, mama aliketi kitandani akasikiliza.

Kwa wewe usiyejua mambo haya, hebu nikufafanulie. Chang'aa haianzi kama chang'aa. Huanza kama kangara, yaani maji yaliyotiwa sukari guru na kimera cha wimbi au hamira, kisha yakaachwa yachache. Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno kuonekana kwa macho. Hula sukari, na katika kula kwake hutoa vitu viwili: kileo, na ile hewa tunayofundishwa shuleni kuwa ni kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayopanda juu kwa viputo. Kangara ikishaiva hupikwa, mvuke wake ukapita katika mrija uliolazwa ndani ya maji baridi, ukapoa na kudondoka tone baada ya tone.

Basi swali kuu la mpishi yeyote wa kangara si moto wala kuni. Swali ni hili: nitajuaje kwamba imemaliza? Ukiipika mapema, sukari ambayo bado haijaliwa hushika chini na kuungua, na povu hupanda kama maziwa yanayochemka. Ukiiacha wazi kupita kiasi, huelekea kuwa siki. Katikati ya hayo mawili ndipo penye maarifa.

MASHAHIDI WATATU

Mama hakuwa na kipimo chochote cha kununua dukani. Alikuwa na wale aliowaita mashahidi watatu, na alinifundisha nikiwa na miaka 12, kama vile mama wengine wafundishavyo binti zao kukuna nazi.

Shahidi wa kwanza ni sikio. Siku mbili za mwanzo pipa hutoa sauti kama mvua ya rasharasha juu ya makuti. Ukiweka sikio ubavuni mwake unasikia viputo vikipanda na kupasuka. Baadaye sauti hupungua. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, Mombasa ikiwa tanuri, pipa letu lilinyamaza siku ya nne au ya tano. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku ukiwa na ubaridi, lilichukua wiki nzima au zaidi, na mama alilifunika kwa magunia kama mgonjwa.

Shahidi wa pili ni jicho. Mwanzoni povu hufunika uso wote, na maganda ya kimera huelea juu kwa sababu hewa inayasukuma. Hewa ikipungua povu huvunjika, maganda huzama na machicha hutulia chini. Juu hubaki maji yaliyotulia, ya rangi ya chai ya rangi.

Shahidi wa tatu ni ulimi, naye ndiye hakimu. Kangara changa ni tamu. Iliyoiva haina utamu hata chembe. Ni kavu, ina uchachu kidogo, na uchungu wake hubaki nyuma ya ulimi.

"Sikio hudanganywa, mwanangu," mama aliniambia. "Jicho pia hudanganywa. Lakini sukari haiwezi kujificha ulimini."

Hakupika mpaka mashahidi wote watatu wakubaliane. Na hata wakikubaliana, aliliacha pipa usiku mmoja zaidi. Usiku huo aliuita usiku wa adabu.

Kulikuwa na mzee mmoja jirani yetu, mgema wa minazi, aliyekuwa akipita kwetu asubuhi akishuka kutoka kazini. Yeye alikuwa akicheka akiona tunavyoliangalia pipa. Kwake mambo yalikuwa kinyume. Tembo la mnazi huanza kuchacha lingali juu ya mti, ndani ya kibuyu, bila kutiwa chochote, maana hamira imo hewani na imo ndani ya kibuyu chenyewe. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na likilala siku kadhaa ni siki ya kutia kwenye kachumbari. "Mnazi humkimbia mnywaji," alikuwa akisema, "na hii yenu humngojesha." Kisha huinama, akaweka sikio kwenye pipa na kusema, "Bado anaongea huyu." Tangu hapo na sisi tukawa tunasema hivyo. Pipa likichacha, linaongea. Likiiva, limemaliza maneno.

ASUBUHI YA JULAI

Mwisho wa Julai mwaka wa 1989 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mtihani wa muhula ulikuwa wiki iliyofuata. Nilikuwa mwerevu darasani na nilijua hivyo. Nilimwona kila mwanafunzi aliyebaki shuleni kama mtu aliyeshika kiti changu.

Juma hilo mama alishikwa na malaria. Alilala mkekani amejifunika mablanketi mawili, meno yakigongana. Nje, pipa lilikuwa katika siku yake ya sita. Vibarua wa bandarini walikuwa wamelipwa mishahara ya mwisho wa mwezi, na sote tulijua kwamba pesa hizo hukaa mifukoni siku mbili au tatu tu.

Mama aliniita. "Mwanangu, nenda ukaliangalie pipa. Sikiliza, tazama, kisha uonje. Mdomo wangu ni mchungu kama mwarobaini, mimi leo siwezi kuonja kitu."

Nilikwenda. Niliondoa magunia, nikaweka sikio. Kimya. Nilifunua mfuniko. Povu lilikuwa limevunjika, ingawa maganda machache yalikuwa bado yanaelea pembeni. Nilijiambia machache si kitu. Nikachukua kata, nikachota, nikaileta karibu na mdomo.

Hapo nikasita. Wiki chache kabla ya siku hiyo, msichana mmoja alikuwa amesema mbele ya darasa zima kwamba sare yangu inanuka kangara. Darasa lilicheka. Jioni ile niliapa kwamba tone la kitu kile halitapita tena mdomoni mwangu. Nilisimama chini ya mkorosho na kata mkononi, nikasikia tena kicheko cha darasa. Nikairudisha kangara ndani ya pipa na kufunika.

"Limemaliza, mama."

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Halina utamu?"

"Halina."

Alinitazama kwa macho mekundu ya homa, akafumba. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Ni yeye aliyenifundisha.

Alfajiri alijikokota akaamka. Usiku wa adabu aliuruka kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya karo yangu. Tulijaza pipa la kupikia, tukaziba mfuniko kwa unga uliokandwa na udongo, tukawasha moto. Ndugu yangu, aliyekuwa na miaka 6, alikuja kuota moto kama kawaida yake. Alipenda kufukia kiazi kitamu majivuni na kusukuma kuni kwa mguu.

Povu lilipanda tusilione. Lilibeba machicha likaingia nayo katika mrija, mrija ukaziba. Mvuke ukakosa njia. Nilisikia kitu kama kikohozi, halafu mshindo. Mfuniko ulifyatuka, kangara iliyokuwa ikichemka ikamwagika, na mvuke wa kileo ukakutana na moto. Niliona mwali wa samawati ukipita mahali alipokuwa ameketi ndugu yangu.

Mama, pamoja na homa yake, alimfikia kabla yangu. Alimnyanyua akautumbukiza mkono wake wa kuume ndani ya karai la maji ya kupozea mrija, ambayo yalikuwa bado baridi, akamshika humo huku mtoto akipiga mayowe. Hakumpaka dawa ya meno wala mafuta kama wengi wafanyavyo. Baadaye daktari alituambia kwamba maji yale ndiyo yaliyoviokoa vidole. Shika hilo, msomaji, hata kama utasahau mengine yote. Mtu akiungua, ni maji baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, kisha hospitali.

Jirani alitoa pikapu yake. Tulipofika kivukoni, feri ilikuwa ng'ambo ya pili, upande wa kisiwa, taa zake zikimetameta juu ya maji. Wewe uliyewahi kuvuka Likoni unajua safari ile ni ya dakika chache tu. Asubuhi hiyo nilidhani chombo kile hakisogei. Mama alikuwa amemlaza mtoto mapajani amemfunika kwa leso iliyoloweshwa maji, na hakusema neno.

Hospitalini tuliulizwa kilichotokea. Mama alisema uji wa moto ulimmwagikia mtoto. Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa kwanza ulikuwa wangu.

KIMYA CHA NYUMBANI

Ndugu yangu alilazwa wiki saba. Majirani wale wale ambao hawakulipenda pipa ndio waliotuletea wali wa nazi na samaki, zamu kwa zamu, bila kuuliza swali. Mkono ulipona ukabaki na makunyanzi kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, na shingoni upande wa kulia.

Mama hakunigombeza. Hakuniuliza kitu. Alilibingirisha pipa hadi kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaliuza. Kisha akachukua hamira iliyobaki, akanunua unga wa ngano, iliki na nazi, akaanza kukanda mahamri. Nilikaa nyumbani hadi Januari 1990, nikarudia kidato cha kwanza.

Kwa kuwa mama alinyamaza, niliamua kwamba mambo yamekwisha. Na kwa kuwa ndugu yangu alikua akicheka na kucheza kama watoto wengine, niliamua kwamba amesahau. Ilikuwa faraja kubwa kuamini hivyo.

Mwaka wa 1992, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alitufanyia jaribio ambalo wanafunzi wengi wanalijua. Alitia hamira katika maji ya sukari, akafunga chupa kwa kizibo chenye mrija, na mrija akauingiza katika maji ya chokaa. Viputo vikapita, na maji ya chokaa yakageuka meupe kama maziwa. Alituambia jinsi Louis Pasteur wa Ufaransa, katika karne ya 19, alivyoonyesha kwamba kuchacha ni kazi ya kiumbe hai. Kisha akatuonyesha kipimo kiitwacho haidromita. Ni bomba la kioo lenye uzito chini, linaloelea. Katika maji matupu husoma 1.000. Katika maji yenye sukari nyingi huelea juu zaidi na kusoma, kwa mfano, 1.070. Sukari inapoliwa na kugeuka kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, kipimo huzama kidogo kidogo hadi karibu na 1.000, na wakati mwingine chini yake.

Niliinua mkono. "Mwalimu, na ikinyamaza ilhali bado ni tamu?"

Alifurahishwa na swali. Alisema hamira inaweza kusimama kabla ya kumaliza kazi. Baridi huifanya isinzie. Joto kali huiua. Sukari ikizidi sana huilemea, na ikiwa ni dhaifu au chache, huchoka njiani. Viputo hukoma katika hali zote hizo. Kwa hivyo, alisema, kukoma kwa viputo pekee si ushahidi. Pima leo, pima kesho, pima keshokutwa. Kipimo kikisimama pale pale na kiko karibu na 1.000, imemaliza. Kikisimama pale pale na bado kiko juu, haijamaliza, imekwama. Iliyokwama hupewa joto la kiasi, hukorogwa polepole, na hungojwa.

Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi niliinamisha kichwa juu ya daftari nisionekane. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi, usiku wenye ubaridi. Pipa letu halikuwa limemaliza. Lilikuwa limesinzia. Kata moja tu ya kangara ulimini ingeniambia hivyo.

HARAKA YA WENGINE

Sitaki udhani kwamba nakufundisha kupika. Kupika pombe ya aina hii kisirisiri bila leseni ni kosa hadi leo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 iliifuta ile ya 1980, lakini ilichoruhusu ni kinywaji kinachotengenezwa kwa leseni, kikapimwa na kutiwa katika chupa zenye lebo. Haikuruhusu pipa la chini ya mkorosho. Na hata kama ingeruhusu, umeona mwenyewe moto na mvuke wa kileo vinavyoweza kumfanya mtoto.

Lakini kuna haraka mbaya zaidi kuliko yangu, na ni lazima niitaje kwa ajili ya vijana wanaosoma ukurasa huu. Wako wauzaji ambao hawaingoji kangara hata siku moja. Huchukua kemikali ya viwandani iitwayo methanoli, wakaitia maji na kuiuza kama kileo. Watu wengi hudhani kwamba sumu hiyo hutokana na kangara ambayo haikuiva. Sivyo. Sukari na nafaka zikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Inayoua halaiki ya watu ni ile iliyotiwa na mkono wa mtu mwenye pupa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika vitongoji vya mabanda vya Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu na katika kaunti nyingine.

Methanoli haina rangi, na harufu yake inakaribiana na ya kileo cha kawaida, kwa hivyo mnywaji hawezi kuitambua. Ndani ya mwili hugeuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Madhara yake huchelewa. Mtu anaweza kulala salama na kuamka haoni vizuri. Ukimwona mtu aliyekunywa jana akilalamika kwamba anaona ukungu, anaumwa kichwa na kutapika, usimwambie alale ulevi uishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hapo pia kimya ni adui. Saa zile ambazo mtu anaonekana mzima ndizo saa ambazo sumu inafanya kazi.

ULIONJA?

Mama sasa ni bibi kizee. Bado anapenda kukaa jikoni nikikanda unga wa mahamri, maana kazi hiyo niliirithi na ndiyo iliyowasomesha wanangu. Unga pia una mashahidi wake. Ukiumuka usitazame ukubwa pekee. Ubonyeze kwa kidole. Shimo likirudi upesi, unga bado mchanga. Likirudi polepole, uko tayari. Likibaki hivyo hivyo, umepitisha.

Jioni moja ya Ramadhani, miaka michache iliyopita, nilikuwa nikitayarisha oda za majirani wa futari. Nilibonyeza unga kwa kidole. Mama alikuwa amenitazama kwa muda. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tulikuwa tukizungumzia jambo la asubuhi ile:

"Siku ile, ulionja?"

Sikuuliza siku gani. Mikono yangu ilibaki ndani ya unga.

"Sikuonja, mama."

"Najua. Nilijua nilipoliona lile povu."

"Mbona hukuniuliza miaka yote hii?"

Alifikiri kwanza. "Niliogopa kukuuliza. Ningekuuliza wewe, ningelazimika na mimi kujiuliza ni mama gani anayemtuma mtoto wa miaka 15 kuonja pombe." Alinyoosha kanga yake magotini. "Lakini ndugu yako umwambie. Mimi nimezeeka, sitaki kuondoka na hilo."

Msomaji, nilichukua mwaka mzima kabla ya kumtii. Ndugu yangu ni dereva wa matatu, ana mke na watoto, ni mcheshi, na sijawahi kumsikia akilalamika kuhusu mkono wake. Nilijiambia mtu aliyetulia namna hii ya nini kumkoroga? Kisha nikakumbuka kwamba ndivyo nilivyojiambia chini ya mkorosho.

Nilikwenda kwake Jumapili moja, nikamweleza yote, kuanzia kicheko cha darasani hadi kata niliyoirudisha. Alinyamaza. Akainuka, akaenda kuosha gari. Zamani ningesema basi, yamekwisha, nikaenda zangu. Safari hii nilirudi Jumatatu, tukanywa chai, hakusema kitu. Nilirudi Jumanne. Jumanne jioni ndipo alipoongea.

Hakukasirishwa na moto, alisema. Alikasirishwa na kitu kingine. Miaka hiyo yote alikuwa akiamini kwamba ni yeye aliyeliripua pipa. Alikumbuka kwamba alisukuma kuni kwa mguu ili kiazi chake kiive upesi, na muda mfupi baadaye mshindo ukalia. Akiwa na miaka 6 aliona mama ameacha kazi, dada ameacha shule, na hakuna aliyemuuliza neno. Aliona kimya chetu, akadhani tunamficha kosa lake kwa kumhurumia. Hakuwahi kutuuliza kwa sababu aliona aibu.

"Dada," aliniambia, "ungeniambia nikiwa mdogo, ningekuwa na mkono tu. Nisingekuwa na hili jingine."

Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Tulikaa kibarazani hadi giza likaingia. Aliniruhusu niandike haya, mradi nisimtaje jina. Mama naye ameruhusu.

Basi nakuachia na wewe ujipime. Pengine nyumbani kwako hakuna pipa wala kangara. Lakini huenda kuna mtoto aliyekoma kuuliza maswali, au mume na mke walioacha kugombana ghafla, au ndugu wawili wanaosalimiana vizuri msibani na kuagana mapema. Watu wazima hupita, huweka sikio, husikia kimya, na kusema mambo yameiva. Usiseme hivyo kabla hujaonja. Keti naye, muulize, rudi kesho, rudi keshokutwa. Kama bado kuna kitu ndani, ni heri kijulikane kikiwa bado baridi kuliko kijulikane juu ya moto.